Kiti cha Mama Mkwe

Kandambili ya mguu wa kushoto ya Phelista Nasimiyu iliyeyukia sakafuni mwa gari la mkwewe mahali fulani kati ya Kiminini na Kamukuywa, naye hakusema kitu. Alikuwa na fimbo mkononi na ukuta wa plaiwudi mbele yake, na kanuni zilijulikana: akigonga mara moja, gari lisimame, akigonga mara mbili, gari liende. Hakukuwa na kugonga kwa mtu anayeungua. Basi aliunyanyua mguu, akauweka juu ya kikapu chake cha ndizi, na kusafiri hivyo mpaka Bumula.

Aliyekuwa upande wa pili wa plaiwudi alikuwa Absalom Sifuna, mume wa binti yake Nelima. Katika ukoo wao, mume wa binti na mama wa binti hawaangaliani usoni, hawashikani mikono wala hawaketi chumba kimoja. Siku hizi wengi wameulegeza mwiko huo, na wapo wanaopiga picha na mama wakwe zao wamekumbatiana. Hawa wawili hawakuulegeza hata kidogo. Walishindana kimyakimya nani ana adabu kuliko mwenzake, na mpaka siku hiyo hakuna aliyekuwa amemshinda mwingine.

Phelista alipoanza kuhudhuria kliniki ya macho Kitale, Absalom alimwita fundi wa kuchomelea, akajengewa ukuta wa plaiwudi nyuma ya viti vya katikati, na nyuma ya ukuta huo kikafungwa kiti kimoja, pembe ya kushoto, karibu na mlango wa nyuma. Kilikuwa na mto na kitambaa cha kufuma. Mama mkwe alipanda na kushuka kwa mlango wa nyuma, na kila alipotaka kushuka Absalom alizima gari, akaruka nje na kukimbilia mahali pa kujificha. Mama alikuwa na ugonjwa wa sukari, na mwenye sukari hushuka mara nyingi. Kati ya Bumula na Kitale hapakuwa na shamba la mahindi kando ya barabara ambalo Absalom hakuwa amechutama ndani yake.

Jambo ambalo watu walimcheka nalo ni kwamba Phelista hakuwa akiona. Mtoto wa jicho alikuwa amemfunga jicho moja kabisa, na lingine lilimwachia mwanga kidogo tu. Nelima alimwuliza mumewe anajificha nani asimwone. Absalom alijibu kwamba yeye mwenyewe anaona, na hilo linatosha.

Jumatatu hiyo kliniki ilikuwa imempa Phelista habari njema. Madaktari wageni waliokuwa wakipasua macho bila malipo wangemhudumia Alhamisi, kisha wafunge vyombo vyao waende zao. Alifika nyumbani kwake Bumula na habari hiyo na mguu mmoja mtupu. Akamsikia mkwe wake akizima gari na kukimbilia nyuma ya ghala, akateremka, akaingia ndani, akaketi kufikiri.

Aliwaza kwa utaratibu. Mtu asiyeweza kukwambia neno atakuambiaje kwamba amekuchoka? Wiki za kwanza kiti kilikuwa na uvuguvugu, akadhani ni ukarimu. Baadaye kikawa cha moto. Leo kimeyeyusha kiatu. Ujumbe ulikuwa umepandishwa polepole ili mzee asishtuke, na hata katika uchungu wake Phelista alikiri kwamba ulikuwa na heshima. Hata kumfukuza, mkwe alimfukuza kwa adabu.

*

Simu ilipigwa jioni nyumbani kwa Absalom, mtaa wa Matisi, Kitale, Nelima akisonga ugali. Kwa kuwa mikono yake ilikuwa na kazi, aliweka simu kwenye kipaza sauti. Aliposikia tu sauti ya mama mkwe ikijaa jikoni, Absalom alichukua sahani yake ya mboga akatoka nje, akasimama chini ya dirisha. Kutoka hapo alisikia kila neno, lakini kwa hesabu zake hakuwa chumbani.

"Mwambie mwenye gari nimeelewa," Phelista alisema.

"Umeelewa nini, mama?"

"Yeye anajua. Mwambie sitamsumbua tena. Hiyo Alhamisi siendi. Haya macho yangu yalishaona ya kutosha."

Nelima alijaribu kumsihi. Mama akamwambia asijifanye haoni mambo wakati mwenye tatizo hilo ni mmoja tu katika familia, na akakata simu.

Absalom alibaki pale dirishani mboga zikipoa. Alipekua safari nzima kichwani kutafuta kosa lake. Walipofika Webuye alikohoa. Kilikuwa kikohozi kikubwa, cha mwanamume aliye peke yake, na mama mkwe alikuwa hatua mbili nyuma yake. Alimwambia mkewe kupitia dirisha kwamba anafikiri ni kikohozi.

"Mtu hawezi kukataa macho juu ya kikohozi, Baba Ian."

"Wewe hukusikia hiyo kikohozi."

Nelima alizima jiko. Alikuwa mwanamke asiyelia ovyo, lakini jioni hiyo alilia. Mama yake hakuwahi kumwona mjukuu wake Ian. Mtoto alizaliwa ukungu ukishaingia machoni, na kila walipokutana bibi alimpapasa uso kwa vidole kama mtu anayechagua maharagwe, akiuliza anafanana na nani. Nelima alikuwa amechoka kumjibu. Alitaka mama yake ajionee mwenyewe, na ilibaki Alhamisi moja tu ya kuwezesha hilo.

Alichukua tochi akaenda kukagua gari, aone ni nini kilichomuudhi mama. Alirudi na kisu cha jikoni mkono mmoja, na mkono wa pili ameshika kipande cha soli ya kijani kilichokunjamana. Alikuwa amekibandua sakafuni, mbele ya kiti cha heshima.

"Umemchoma mama yangu," alisema.

Kwa kuwa hakuwa mwongo, Absalom alimweleza mkewe habari za taa. Kwenye dashibodi kulikuwa na taa ya rangi ya machungwa, mchoro wake kama kisanduku chenye vitone ndani, na ilikuwa ikiwaka kwa wiki nyingi. Yeye alikuwa ameifunika kwa kibandiko cha kanisa ili abiria wasiingiwe na wasiwasi. Hivi karibuni ilikuja taa ya pili, nyekundu, nayo akaifunika kwa kibandiko cha mkutano wa akina baba. Nelima alikwenda kulala, na ile soli akaiweka juu ya meza, katikati kabisa, mahali pa chupa ya chai.

*

Jelimo alikuwa mwanamke fundi wa magari ya dizeli, mzaliwa wa Kachibora, mwenye gereji kando ya barabara na kompyuta ya kupimia magari ambayo hakumruhusu mtu kuigusa. Hakuwa mnyenyekevu. Alipenda kusema kwamba yeye habahatishi, na alisema hivyo Jumanne asubuhi alipochomeka waya kwenye gari la Absalom na kusoma kwamba moshi ulikuwa ukipita kiwango cha joto.

Alitangaza kuwa ni sensa, kile kipimo cha joto. Bomba la moshi lilikuwa na sensa mbili za joto, moja mbele ya chujio la masizi na nyingine nyuma yake, na ile ya nyuma ilikuwa inadanganya. Akaitoa, akafunga mpya, akafuta kosa kwenye kompyuta, akamwambia Absalom aende. Absalom alikwenda mpaka sokoni, taa zote mbili zikawaka chini ya vibandiko, akarudi.

Sasa alisema ni noza, kinyunyizio cha dizeli. Noza moja inavuja, dizeli inaingia kwenye bomba la moshi na kuungulia huko. Alizipima noza zote, na zote zilikuwa nzima. Mchana ukafika. Jelimo alifungua boneti tena, akachomoa kijiti cha kupimia oili, na hapo uso ukambadilika. Oili ilikuwa imepita alama ya juu kwa mbali.

"Nani ameongeza hii oili?"

"Hakuna mtu," Absalom alisema, na kwa mara ya kwanza siku hiyo alionekana mwenye fahari. "Hii gari inazaa oili yenyewe. Tangu mwezi wa nane sijaongeza hata kidogo, na inapanda tu. Nilitoa ushuhuda kanisani."

Jelimo alinusa kijiti. Akampa Absalom anuse. Kilinuka dizeli tupu.

Aliketi juu ya tairi na kuanza kueleza, safari hii polepole. Chujio linakamata masizi ya moshi. Likijaa, gari lenyewe, likiwa mwendoni, linamimina dizeli ya ziada ili moshi uwe moto sana na yale masizi yaungue yaishe. Linahitaji mwendo mzuri na muda kidogo, kama wa kuchemsha maharagwe mabichi, bila kusimamishwa. Ukilizima katikati, masizi yanabaki, dizeli iliyokwisha kumiminwa inachuruzikia kwenye oili, na safari ijayo linaanza upya na mzigo mkubwa zaidi, likichoma kwa ukali zaidi. Oili iliyopanda ilimwambia jambo moja, kwamba gari hili lilikuwa likikatizwa kila mara.

"Unaendeshaje?" aliuliza.

Absalom aliangalia huku na huku. Aliomba wazungumze mahali pa faragha. Jelimo alikataa, akasema gereji haina faragha. Basi Absalom, kwa sauti ya mtu anayeungama, alieleza juu ya mama mkwe, ukuta, fimbo, na mashamba ya mahindi. Alieleza pia kwamba akiwa na mama nyuma huendesha taratibu sana, kwa gia ya juu, injini isipige kelele, kwa sababu kelele mbele ya mama mkwe ni sawa na kupiga kelele mwenyewe.

Jelimo hakucheka. Alitaka kujua joto huja lini: gari likipanda mlima, likitembea, au likisimama? Absalom hakujua. Aliyejua alikuwa mmoja tu, na huyo hazungumzi naye. Ikabidi Nelima aitwe, aje gereji, ampigie mama yake simu, na ampe Jelimo azungumze. Absalom alikwenda nyuma ya rundo la matairi akaziba masikio.

Kule Bumula, Phelista aliposikia sauti ya mwanamke mgeni akimwuliza maswali juu ya kiti, alielewa kwamba shauri limeitishwa na huyu ndiye mpatanishi. Alijiweka sawa kwenye kigoda. Alitoa ushahidi wake kwa lugha ya kikao, bila kumlaumu mtu.

"Gari likitembea, joto ni la kuvumilika. Likizimwa, ndipo linapanda. Nikirudi kutoka kujisaidia nakuta kiti kimekuwa jiko. Linaanzia chini kushoto, halafu linanuka kama taa ya koroboi. Mimi simtuhumu mtu. Nasema nilivyokalia."

"Umesema vizuri, mama," Jelimo alisema. "Hata kompyuta haikusema hivyo."

Aliingia chini ya gari na tochi. Alitoka amejaa vumbi, akamwita Absalom kutoka kwenye matairi. Lile bati la kukinga joto, linalokaa kati ya chujio na sakafu, halikuwapo. Lilikwenda wapi?

"Fundi wa kuchomelea alilitoa," Absalom alisema. "Bolti za kiti cha mama hazingepita."

"Na sasa liko wapi?"

"Nyumbani. Tumeezekea banda la kuku."

Jelimo alijifuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja. "Hii gari haina ugonjwa wowote," alisema. "Wewe ndio umeijaza heshima mpaka ikashika moto."

Nelima alimpigia mama yake tena, akamweleza yote: masizi, dizeli, bati, kuku. Phelista alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema binti yake amesoma na ana maneno mazuri, lakini anamsitiri mumewe tu, na ingekuwa ajabu asimsitiri. Angeamini siku atakapoyasikia kutoka kwa mwenyewe. Na kwa kuwa mwenyewe hawezi kumwambia, yaishe.

*

Alhamisi waliondoka Kitale alfajiri, Absalom kwenye usukani, Jelimo kando yake na kompyuta mapajani, Nelima nyuma yao. Oili ilikuwa imebadilishwa. Bati la kinga lilikuwa limerudishwa mahali pake, limeoshwa lakini bado likinuka kuku, na kiti cha mama kilikuwa kimehamishiwa pembe ya kulia. Kuku walinyeshewa usiku kucha na Nelima aliwasikia wakilalamika, ila moyo wake ulikuwa Bumula. Mama alikuwa amesema haendi, nao walikwenda kumchukua hivyo hivyo.

Kilichobaki ni kuchoma masizi. Jelimo hakutaka kuyachomea gerejini, chujio lilikuwa limejaa mno na angependa upepo wa mwendo ulipooze. Alimwamuru Absalom akimbize gari, injini ilie, na asisimame kwa sababu yoyote. Walipopita Kamukuywa kompyuta ilionyesha joto linapanda. Jelimo akasema imeanza, asiguse breki.

Karibu na Misikhu, mwanamke mzee aliyevaa gauni la kanisa alisimama kando ya barabara, akapunga mkono. Alikuwa Sellah, dada yake Phelista, aliyesikia kwamba wanapita na alitaka kutuma ndizi. Kabla Jelimo hajafungua mdomo, Absalom alikuwa amesimamisha gari, amelizima, ameruka nje, na amepotelea nyuma ya kibanda cha kuuzia mkaa. Dada ya mama mkwe ni mama mkwe. Miguu yake iliamua yenyewe.

Sellah alitoa ndizi, akasalimia, akauliza dereva yuko wapi, akajibiwa kwamba yuko kwenye heshima. Alifurahi sana. Alisema vijana wa namna hiyo wamekwisha duniani.

Absalom aliporudi, Jelimo alimgeuzia kompyuta aone. "Soma hapa. Imebaki nafasi moja. Ukizima tena ikiwa inachoma, chujio inapasuka, gari inalala barabarani, na mama anabaki na giza lake. Umenielewa ama nikuandikie?"

Absalom alisema ameelewa. Alikuwa na aibu ya kweli, akaendesha mpaka Bumula.

*

Phelista alikuwa ameketi mlangoni pake na nguo za nyumbani, dalili ya mtu asiyesafiri. Nelima alimbembeleza kwa Kibukusu na kwa Kiswahili, akapiga magoti. Mzee hakutikisika. Kitu pekee alichokubali ni kwenda garini kuchukua leso yake aliyoisahau Jumatatu, kwa sababu leso ni yake.

Wakati huo Absalom hakuwa nyuma ya ghala. Jelimo alikuwa amemtuma chini ya gari kukaza bolti ya bati, naye akiwa chali huko alisikia mlango wa nyuma ukifunguliwa, fimbo ikigonga sakafu, na mtu mzima akikaa juu yake kwa kishindo kidogo. Kutoka sasa hivi kungekuwa kutokea miguuni pa mama mkwe. Alibaki amelala, spana kifuani. Juu ya pua yake palikuwa na tundu tupu, mahali ilipokuwa bolti ya kiti kabla hakijahamishwa, na kupitia tundu hilo alimsikia mama mkwe akihema.

Alimsikia pia akilia. Hakuwa na sauti, ni pua tu. Alikuwa anapapasa sakafu kwa mkono, mahali kiatu chake kiliposhika.

Absalom alifumba macho.

"Gari," alisema.

Pua ilinyamaza.

"Gari, wewe umenivunjia heshima. Nilikupa mtu wangu wa maana umbebe, ukamchoma mguu. Lakini si kosa lako. Uliwasha taa, mimi nikaibandika karatasi. Nilikuwa nakuzima kila saa, sikujua unaumia. Sasa nakwambia, wewe gari, usiende kusema huko ati nimemchoka. Sijamchoka. Nataka amuone Ian kwa macho yake. Nikilala nawaza hiyo tu."

Nelima, aliyesimama mlangoni, alishika mdomo. Jelimo aliacha kutafuna ndizi.

Phelista aliacha kupapasa sakafu. Alikuwa anapima kama jambo hili linaruhusiwa. Hakukuwa na uso mbele yake, wala mkono. Kulikuwa na bati, na sauti kutoka kwenye bati, na hakuna mzee yeyote aliyewahi kukataza mtu kujibizana na gari.

"Gari," alisema hatimaye, akiinamia tundu. "Mimi nilifikiri umetumwa."

Absalom aliona neno limesemwa kwa gari, na gari halina mdomo.

"Sikutumwa, mama," alisema.

Katika miaka yote ya ndoa yake hakuwahi kumwita hivyo, na sasa alikuwa amemwita, ingawa ni kwa niaba ya gari. Phelista alijifuta uso kwa leso aliyoijia. Alimwambia Nelima amletee gauni la kusafiria, lile la bluu, na viatu vya kanisani kwa sababu vina soli ngumu.

*

Masizi yalianza kuungua walipoiacha Webuye. Jelimo alikuwa akitaja joto kwa sauti, mbele na nyuma ya chujio, na Absalom alikuwa amekanyaga mafuta kuliko alivyowahi kukanyaga mbele ya mtu wa heshima. Injini ililia. Nelima alikaa nyuma na mama yake, akimwekea mkono sakafuni kila mara kuona kama ni baridi. Ilikuwa na uvuguvugu tu.

Walipopita Lugulu, fimbo ikagonga plaiwudi. Mara moja.

Mguu wa Absalom uliinuka wenyewe. Jelimo aliushika kwa goti akaurudisha chini. Fimbo ikagonga tena, mara moja, kwa nguvu zaidi.

Jasho lilimtoka Absalom. Kwa maisha yake yote ya ukwe hakuwahi kukataa kugonga kule.

"Gari," alisema kwa sauti ya juu, akiangalia barabara, "vumilia. Ukisimama sasa tumekwisha. Bado kidogo tu, vumilia."

Walikaribia kile kibanda cha mkaa, na Sellah alikuwa bado amesimama pale, akapunga mkono. Absalom alimpita kwa kasi huku ameinamisha kichwa hadi kwenye usukani, akaomba msamaha kimoyomoyo.

"Gari," sauti ya Phelista ilitoka nyuma ya plaiwudi, yenye adabu na ukali pamoja. "Mimi navumilia. Lakini ujue mto huu wa kiti ni mpya, na mimi ni mtu mzima."

"Gari imesikia," alisema Absalom.

Waliipita Kamukuywa hivyo, gari likiomba na kuombwa. Karibu na Kiminini tarakimu za Jelimo zilianza kushuka. Alisubiri, akasubiri tena, halafu akanyoosha mkono akabandua kibandiko cha kanisa na kile cha akina baba. Chini yake hapakuwa na taa yoyote inayowaka.

"Simama," alisema. "Usizime. Teremka, ukajifiche."

Absalom aliegesha gari likinguruma, akakimbilia mahindi ya watu. Phelista alishushwa na Nelima, akaelekezwa kwenye choo cha boma lililokuwa karibu, na mwenye boma aliyetoka kuuliza kulikoni alimkuta Jelimo amekaa peke yake kwenye gari lisilozimwa, anacheka mpaka machozi. Waliwahi hospitalini. Phelista alikuwa mtu wa mwisho kuitwa.

*

Ijumaa walikwenda kumchukua, na Nelima alimtoa Ian shuleni ili awepo. Bandeji ilikuwa imetolewa asubuhi. Phelista alitoka mlangoni pa wodi akishika mkono wa binti yake, jicho la kulia wazi, jekundu kidogo na lenye machozi ya dawa. Alisimama kwenye ngazi akaangalia mbingu, halafu paa, halafu mtoto aliyevaa sare mbele yake. Alimwangalia muda mrefu bila kunyoosha vidole.

"Kumbe ni masikio ya babu yako," alisema. "Na hakuna aliyeniambia."

Nelima alilia, safari hii bila kujificha. Bibi akamkumbatia mtoto, na juu ya kichwa cha mtoto jicho jipya likaendelea kutembea uwanjani. Liliona gari, likaona mlango wa nyuma umefunguliwa tayari kwa ajili yake. Likaona mlingoti wa bendera. Nyuma ya mlingoti huo, amesimama wima, mikono imebana mbavuni, alikuwa mwanamume mnene mwenye koti la kahawia, anatokeza pande zote mbili.

Absalom alikuwa amejificha kama alivyojificha siku zote. Kwa miaka hiyo kitu chochote kilitosha, mti, nguzo, hata mtu mwingine aliyesimama. Hakuwa amefikiria kwamba leo mambo yamebadilika. Alilitambua hilo alipoona uso wa mama mkwe umegeuka moja kwa moja upande wake na kutulia hapo, na hakuwa na pengine pa kwenda, maana uwanja ulikuwa mtupu.

Phelista alimwona jinsi alivyokuwa: mvi masikioni, tumbo, kiatu kimoja kilichoanza kufunguka mbele. Ndani ya kumbukumbu yake alikuwa kijana mwembamba aliyemwona kupitia tundu la ukuta siku ya mahari. Nelima alishikwa na hofu, akajaribu kumgeuza mama yake aangalie maua. Mama hakugeuka.

"Gari," Phelista alisema, kwa sauti ya kufika uwanjani. "Mwambie mwenyewe huo mlingoti haumtoshi."

Kengele ya chakula ililia huko wodini, watu wakapita na sahani, na mwanamume yule hakuthubutu kusogea upande wowote. Kutoka pale hadi kwenye usukani ilimlazimu apite mbele ya mama mkwe, mchana kweupe.

Phelista alielewa shida yake. Aliuachia mkono wa binti yake, akainua kiganja, na kulifunika jicho lile alilolingojea miaka yote, polepole, kwa uangalifu asiguse dawa. Alisikia viatu vikivuka uwanja mbio, kimoja kikipigapiga. Akasikia mlango wa dereva ukifungwa. Ian alimwambia kwamba baba ameshaingia, anaweza kuangalia sasa, lakini bibi hakuondoa mkono mara moja. Aliuacha hapo kidogo zaidi, mpaka mkwe wake apate nafasi ya kujipanga vizuri kwenye kiti.